Jeshi ama michezo: mwili wako utaombwa nini kila upande

Kila tangazo la kuandikisha makuruta wa UPDF, jeshi letu la Uganda, likitoka, uwanja wa wilaya unajaa vijana, na kati yao wako wachezaji wazuri kabisa, mtu ni winga wa timu ya mtaa pale Mbale, mwingine anakimbia vizuri tu kule Kapchorwa, na wengi wao bado wamekwama kwa swali lile lile: niende jeshini ama nikomae na michezo? Ukiwasikiliza watu wanaowashauri unashangaa. Huyu anasema ukiwa fiti wa mpira jeshi utalimudu tu, yule anasema askari anaweza mchezo wowote. Mimi nakataa yote mawili, na nakataa kwa sababu nimeona vijana wakijiandaa vibaya miezi mizima, halafu wanaanguka kwa kitu ambacho hawakukizoeza hata siku moja.

Tofauti kubwa kwa maoni yangu iko hapa: mchezo unataka mwili ufanye kitu kimoja kuliko wenzako, kwa siku ambayo imeandikwa kwenye ratiba. Jeshi linataka mwili ambao haukatai kazi yoyote, kwa siku ambayo hakuna aliyekuambia. Mengine yote yanatoka hapo.

Ili tusichanganye mambo nitapima pande zote mbili kwa vitu sita: kazi yenyewe ambayo mwili unafanya, uzito unaobebwa, chakula na usingizi, kuumia, umri, na mlango wa kuingilia. Kwa upande wa michezo nitazungumzia sana mbio ndefu na mpira, na ndondi na ragbi kidogo, maana ukisema tu "michezo" unakuwa umeweka pamoja watu ambao miili yao haifanani kabisa.

Kazi yenyewe

Tuanze na michezo. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei mwaka 2020 kule Valencia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, yaani mizunguko 25 ya uwanja, kila mzunguko sekunde 63 hivi. Nenda uwanjani ujaribu mzunguko mmoja tu kwa sekunde 63, halafu fikiria kuurudia mara 24 bila kupumzika. Mganda mwenzake Stephen Kiprotich aliposhinda maratoni ya Olimpiki London 2012 alitumia saa 2:08:01, hiyo ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita, na ilipobaki kama kilomita tano bado alikuwa na nguvu ya kuwatoroka Wakenya wawili aliokuwa nao mbele. Mwili wa namna hiyo umejengwa kwa kazi moja miaka na miaka, kila kitu ambacho hakisaidii kukimbia kimepunguzwa.

Mpira nao una yake. Mchezaji wa kiwango cha juu anaenda kilomita 10 mpaka 12 kwa mechi moja, lakini si kwa mwendo mmoja, ni kutembea, kukimbia polepole, kulipuka mita ishirini, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka, na kurudia hivyo dakika 90. Ndio maana mtu wa mbio ndefu akiingizwa kwenye mpira mapaja yanamkaza mapema, pumzi anayo lakini miguu haijazoea kusimama na kugeuka. Ndondi ni raundi tatu za dakika tatu kwa wale wa ridhaa, unaiona ni muda mfupi mpaka uingie ulingoni, mikono inakuwa mizito kabla raundi ya pili haijaisha. Ragbi ni dakika 80 za kugongana na watu wazito.

Sasa jeshi. Kuruta haombwi spidi ya Cheptegei, hakuna afande atakayekupimia sekunde 63. Anachoombwa ni mchakamchaka asubuhi kabla ya jua, wote kwa mwendo mmoja mkiimba, halafu gwaride, halafu kutambaa, kupanda kamba, kuruka mitaro, kubeba mwenzako mgongoni kama amejeruhiwa, kuchimba handaki, na usiku unapangiwa ulinzi, na asubuhi inaanza upya. Moja moja hakuna kinachomshinda kijana mwenye afya. Kinachomaliza watu ni kwamba vinakuja vyote, siku baada ya siku, na hujui kesho ni nini.

Ukitaka mfano wenye namba, majeshi mengi yana matembezi ya mizigo. Kule Marekani askari wa miguu anayetafuta ile beji ya umahiri anatembea maili 12, kama kilomita 19 hivi, akiwa na mzigo usiopungua kilo 16 na bunduki yake, na lazima amalize ndani ya saa tatu. Piga hesabu utaona ni kama dakika 9 na sekunde 20 kwa kilomita. Kwa mkimbiaji huo mwendo ni wa kulala kabisa, lakini mvishe buti, mwekee zile kilo mgongoni, mpe bunduki mkononi asizungushe mikono vile amezoea, ndio atajua kwamba hilo ni swali lingine mwili unaulizwa.

Uzito

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijana wengi wanaotoka kwenye michezo wanapoumia roho.

Mkimbiaji wa mbio ndefu ni mwembamba, wengi wako kilo 50 na kitu. Huo wembamba ndio utajiri wake, kila kilo asiyobeba ni oksijeni anayookoa. Sasa mvike begi la kilo 25, tayari amebeba karibu nusu ya mwili wake. Mwenzake wa kilo 80 akibeba begi lile lile hata theluthi ya uzito wake haijafika. Kwa hiyo unakuta kijana aliyekuwa anaachwa mbali kwenye mbio za asubuhi ndiye anakuwa wa mbele kwenye matembezi ya mizigo, na bingwa wa shule anabaki nyuma akishangaa kimemtokea nini. Hana tatizo lolote huyo bingwa, uzito wa vifaa haupunguzwi kwa sababu wewe ni mdogo. Bunduki ya aina ya AK na magazini iliyojaa ni kilo 4 hivi kwa kila mtu, lita moja ya maji ni kilo moja kwa kila mtu, redio haiulizi nani anaibeba.

Angalia mwenyewe vile begi zito linavyofanya kazi yake. Dakika kumi za kwanza ni sawa tu. Halafu mikanda inaanza kukata mabega, unajiinamisha mbele ili uzito uende mgongoni, shingo inakaza, vidole vinaanza kufa ganzi kwa sababu mkanda unabana mishipa ya bega. Soksi zimelowa jasho, kisigino kinasuguana na buti, ngozi inapata joto, halafu inatoa lengelenge, na ukishaanza kuchechemea kumlinda huyo mguu goti la upande mwingine linaanza kulalamika. Pumzi bado unayo kabisa! Lakini mabega, kiuno na nyayo zimeshasema hapana. Mbio peke yake haziwezi kukufundisha hii, unaijua ukiibeba.

Kwa mpira na ndondi uzito wa nje haupo, unabeba mwili wako tu, na kwenye ndondi tena unapigana na mtu wa uzito wako, kuna madaraja. Ragbi ndiyo iko karibu na jeshi kwa upande huu, inapenda mwili wenye nyama mgongoni na mapajani, na kama ningeulizwa ni mchezo gani unamwandaa mtu kwa begi, ningesema ragbi kabla ya mbio.

Dada zangu nao walifikirie hili mapema. Kwenye michezo mwanamke anashindana na wanawake, na ndivyo Peruth Chemutai alivyotuletea dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Tokyo mwaka 2021, na kabla yake Dorcus Inzikuru kule Helsinki 2005. Jeshini wanawake wanaandikishwa na wanafanya kazi nzuri, lakini begi na bunduki ni zile zile za mwanaume, kwa hiyo mazoezi ya nguvu za mgongo, kiuno na miguu kwenu ndiyo ya kwanza, msiishie kwenye kukimbia.

Chakula, usingizi na kupona

Mchezaji mzuri anajengwa na mapumziko yake. Kule milimani Kapchorwa wakimbiaji wanakimbia asubuhi, wanakula, wanalala mchana, jioni wanakimbia kidogo tena, na siku ya mazoezi magumu inafuatwa na siku nyepesi. Hewa ni nyembamba kule juu, zaidi ya mita 2,000 pale Teryet ambako serikali ilijenga kituo cha mazoezi, mwili unatengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi, lakini hiyo faida inakuja tu kama unalala na kula. Kocha akiona umechoka anakupunguzia.

Kuruta hapunguziwi hivyo. Usingizi ni mfupi na unakatwa, posho (ugali) na maharagwe utakula lakini kwa saa iliyopangwa na kwa dakika chache, na siku ngumu inafuatwa na siku ngumu. Sehemu ya mafunzo ndiyo hiyo yenyewe, wanataka ujue kufikiri na kutii amri ukiwa umechoka na una njaa, kwa sababu kazini ndivyo itakavyokuwa. UPDF waliingia Somalia mwaka 2007, joto la Mogadishu na fulana ya kuzuia risasi, na tangu mwisho wa 2021 wako misituni mashariki mwa Kongo wakiwafuata waasi wa ADF. Hakuna wa kukwambia leo ni siku nyepesi.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: mwili wako ukikosa usingizi usiku mbili unakuwaje? Kuna watu wana vipaji vikubwa vya michezo lakini wakikosa kulala wanavunjika kabisa, na kuna watu wa kawaida tu ambao njaa na usingizi haviwatikisi. Hawa wa pili jeshi linawapenda.

Kuumia

Pande zote mbili zinaumiza, ila kwa njia tofauti.

Kwenye mafunzo ya jeshi adui mkubwa wa kuruta ni mguu kuanzia goti kwenda chini: maumivu ya mfupa wa muundi, nyufa ndogo kwenye mifupa ya mguu na wayo, malengelenge. Sababu inajulikana, mtu anatoka nyumbani ambako alikuwa anatembea kidogo, ndani ya wiki chache anakimbia, anaruka na kupiga gwaride kwa buti kila siku, na mfupa unahitaji muda mrefu kuliko misuli ili uwe imara. Pumzi inakuja ndani ya wiki, mfupa unataka miezi. Wanawake wanapata hizo nyufa zaidi, na mtu anayekula kidogo yuko hatarini zaidi. Joto nalo ni la kuogopa kweli, kijana akianza kuyumba, kuongea ovyo na mwili unachemka, huyo ni wa kuvuliwa nguo nzito, kumwagiwa maji na kupelekwa hospitali hapo hapo.

Mpira unavunja magoti na kuchana misuli ya nyuma ya paja, sana sana mwisho wa mechi wakati mtu amechoka na bado anataka kulipuka. Mbio ndefu zinaleta mambo ya kurudia, kano ya kisigino, muundi, na hizo nyufa za mifupa pia. Ndondi ni kichwa, na hapo sitanii na mtu yeyote, ukipigwa ukazimia usirudi ulingoni mpaka daktari akuruhusu. Jambo linalotenganisha pande mbili ni hili: ukiumia jeshini kuna hospitali za jeshi na mshahara unaendelea, lakini ukiumia vibaya wakati bado ni kuruta unaweza kurudishwa nyumbani. Ukiumia kwenye klabu ndogo mara nyingi goti ni lako na familia yako.

Umri na muda

Mpira una dirisha fupi, ukifika 33 ama 34 wengi wameanza kushuka. Mbio ndefu zinavumilia zaidi, unaweza kuhama kutoka uwanjani kwenda barabarani, Cheptegei mwenyewe baada ya dhahabu yake ya mita 10,000 Paris 2024 alikuwa tayari ameshaonja maratoni. Ndondi inategemea umepigwa kiasi gani.

Jeshi linakuchukua mapema, kuanzia miaka 18, na kikomo cha juu kiko kwenye tangazo, kwa kuruta wa kawaida huwa ni mwanzoni mwa miaka ya ishirini, lakini ukishaingia mwili wako unaendelea kutumika miaka mingi, hata kama si kwa kasi ile ya mwanzo. Ukikosa dirisha la jeshi limefungwa. Ukikosa la mbio unaweza kuanza hata ukiwa na miaka 23 na bado ukafika mahali.

Mlango wa kuingilia

Jeshini mchujo unajulikana: vyeti, barua za viongozi wa LC (halmashauri ya kijiji) na wilaya, kukimbia, medikali. Mbio zinaondoa wengi siku ile ile. Na kuandikishwa ni bure, mtu akikuomba pesa ili akupitishe huyo ni tapeli, mwache. Michezoni hakuna tangazo, kuna mashindano, unaonekana ama huonekani, na unaweza kuwa mzuri miaka mitatu bila shilingi hata moja. Hiyo subira nayo ni sehemu ya gharama, muulize mzazi wako kama nyumbani inawezekana.

Kuna njia ya tatu

Watu wanaongea kama hizi njia zimetenganishwa na ukuta, na historia yetu inasema tofauti. Dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki, Munich 1972, ililetwa na polisi, John Akii-Bua, sekunde 47.82 kwa mita 400 kuruka viunzi, rekodi ya dunia wakati huo, na alikuwa anafanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito. Kiprotich ni wa Magereza. Cheptegei ni polisi. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa ya Afrika mwaka huo huo wa 1972, na leo jeshi lina timu ya UPDF kwenye mpira. Hata michezo ya kijeshi yenyewe ipo, kuna pentatloni ya kijeshi ambayo ni kulenga shabaha, kupita vizuizi 20 kwa mita 500, kuogelea mita 50 kwenye vizuizi, kurusha guruneti, na mbio za nyika kilomita 8 kwa wanaume. Mchezo wa namna hiyo unamtaka mtu wa pande zote.

Ila usidanganyike, anayechukuliwa kwa ajili ya michezo ni yule ambaye tayari matokeo yake yanaongea. Na mafunzo ya msingi atayapitia kama wengine.

Sasa wewe uko wapi?

Kama una matokeo yanayoonekana, unashinda ngazi ya wilaya ama taifa na umri wako uko chini ya 20, endelea na mchezo kwanza, na uziangalie timu za polisi, magereza na jeshi kama mlango. Kuacha sasa ni kupoteza miaka ambayo hairudi.

Kama wewe ni mzuri wa kawaida kwa vitu vingi, pumzi iko, nguvu iko, hulalamiki ukilala kidogo, na unataka mshahara wa kila mwezi, mwili wako umekaa kijeshi. Usijidharau kwa sababu hujawahi kushinda kikombe, jeshini hakuna anayekuuliza kikombe.

Kama ni mkimbiaji mwembamba na unataka jeshi, ongeza nguvu miezi sita kabla: pushapu, kujivuta juu ya bomba, kuchuchumaa na mzigo, kula vizuri, na mara moja kwa wiki tembea na begi. Mchezaji wa mpira wewe ongeza mbio za mwendo mmoja za dakika 40 na zaidi, na mabega, maana mpira haukukupa mabega.

Kama una goti bovu la zamani ama pumu, nenda kwa daktari kabla hujaamua lolote. Kwenye michezo unaweza kuchagua mchezo unaokufaa na kupanga mazoezi taratibu, jeshini medikali itakuona na mafunzo hayawezi kupangwa kukuzunguka.

Na kama mchujo uko karibu, imebaki miezi miwili tu na hujaanza, usikimbilie begi zito wala kilomita 15 kila siku, utafika pale ukichechemea. Kimbia mara tatu kwa wiki, kilomita 3 mpaka 5, ukiongeza kidogo kidogo, siku mbili za pushapu na sitapu, begi lisizidi kilo 10 na liwe la kutembea si la kukimbia, vaa viatu ambavyo utavivaa siku hiyo ili ngozi izoee, na wiki ya mwisho punguza.